Benchi Halikuitikia

Mwalimu Stara binti Abdulkadiri alikuwa na mambo mawili yaliyowachosha majirani zake: maandazi magumu na msimamo mgumu. Maandazi ungeweza kuyachovya kwenye chai yakalainika. Huo msimamo sasa, hata ungeuloweka usiku kucha, asubuhi ungeukuta vilevile.

Kwao ni hapo hapo Dodoma mjini, nyuma ya msikiti. Babu wa babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akachoka na safari, akaoa Mgogo, akafungua duka la kaniki na chumvi. Tangu hapo ukoo mzima ukawa wa mizani na mita ya kupimia nguo, mpaka alipozaliwa huyu, akasema yeye anataka ualimu. Mzee Abdulkadiri alikufa na dukuduku lake. Alikuwa akiwaambia wenzake barazani kwamba ana binti mwenye akili nyingi na hajui hata moja ya kuitumia.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yalifurika sabuni za kunukia, redio za kaseti na viatu vya rangi ambazo hatukujua kama viatu vinaweza kuwa nazo. Ila mfuko wa mwalimu ulibaki ule ule, na mshahara ulikuja siku ukijisikia. Munir, mumewe, alikuwa karani wa shirika la umma. Shirika likafungwa, naye akarudi nyumbani na kiti chake cha ofisini na pumu yake. Kiti alikiuza. Pumu nani angeinunua?

Walimu wenzake Stara wakabuni mbinu ya kuishi. Somo la hesabu likawa linafundishwa nusu darasani, nusu jioni sebuleni kwa mwalimu, na hiyo nusu ya pili ndiyo iliyokuwa na majibu. Waliiita tuisheni. Mzazi asiye na kitu mtoto wake alibaki na nusu yake. Stara alikataa katakata. Alisema kile alicholipwa kufundisha mchana hawezi kukiuza jioni, akaendelea kukaanga yale maandazi yake na kuwapelekea watu walionunua kwa kumwonea huruma. Wenzake wakampachika jina la Bi Haki, na hawakuwa wanamsifu.

Basi ikawa darasa la sita wanasoma habari za rushwa katika somo la siasa. Kitabu kilisema rushwa ni adui wa haki, watoto wakanakili, wakafunga madaftari, wakaenda kucheza. Stara akaona hapana. Mtoto wa Dodoma rushwa haioni kwenye kitabu, anaiona pale mama yake anapokunja noti mpaka inakuwa ndogo kuliko kidole. Akalitoa dawati lake kando, akaomba benchi la ofisini, akaliegemeza ukutani. Akawaambia: hii ni zahanati.

Hakuna aliyehitaji maelezo. Zahanati ya mtaani kwao ilikuwa na benchi refu barazani. Namba hakuna, karatasi hakuna. Ukifika unakaa mwisho. Wa mbele akiitwa, wote mnajivuta makalio mara moja, na hivyo hivyo mpaka mlangoni. Ukisogezwa na mwenzako unajua uko hai na zamu yako inakuja. Watoto wakakaa, wakaanza kujivuta na kusukumana na kucheka. Mmoja akafanywa mhudumu wa mlangoni, akabetua midomo kama mhudumu kweli. Kokwa za ukwaju zikawa hela.

Mhudumu akinyoosha kiganja, mtoto wa mbele anatakiwa asimame wima aseme: "Zamu yangu siuzi, ya mwenzangu siinunui." Na darasa zima linaitikia: "Hatuuzi, hatununui!" Mhudumu anaona haya, anafungua mlango. Ndiyo ilikuwa ngonjera yao, na waliiandaa kwa ajili ya siku ya wazazi.

Aliyesema vizuri kuliko wote alikuwa Violeth. Kasichana kembamba ka Chang'ombe, sauti yake kubwa kuliko mwili. Mama yake, Tereza, aliuza mlenda na mboga za majani sokoni. Baba alikwenda Mtera kuvua perege, akanogewa huko huko. Violeth alikuwa na kasoro moja tu: aliharakisha. Akimaliza maneno yake alikuwa anakaa kabla wenzake hawajafungua vinywa. Stara akawa anamrudisha kila mara. Alimwambia, "Ukishasema, usikae. Subiri. Watazame watu usoni, uwape nafasi wakuitikie."

Violeth akajifunza kusubiri. Akawa anasimama pale, kidevu juu, akipitisha macho toka mwanzo wa benchi hadi mwisho wake, na darasa likaitikia mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Siku ile Stara alirudi nyumbani anaimba. Munir akamtania kwamba mtu anayeimba na mfuko mtupu anatakiwa apimwe.

Wiki hiyo hiyo vumbi la kiangazi likamkamata Munir. Wanaoijua Dodoma wanajua ule upepo wa mwezi wa tisa, unaingia hadi ndani ya sukari. Alianza kuhema alfajiri. Kulipopambazuka kifua kinapiga filimbi, midomo imegeuka rangi, na mabega yanapanda na kushuka. Stara akamfunga shuka, akamkokota hadi zahanati.

Benchi lilikuwa limejaa hadi mwisho. Akina mama tupu, na vichanga, na mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa kitambaa. Stara akasimama, akalitazama benchi lile, akamtazama mumewe. Mlangoni alikuwa Sila, mhudumu, kijana wa watu, mtanashati, na yeye mshahara wake unakuja ukijisikia. Wala hakumwomba Stara kitu. Alimtazama tu, halafu akatazama pembeni, kama wanavyotazama.

Mkono wa Stara ukaenda wenyewe. Hakukaa chini akawaza, hakujiuliza. Noti aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya unga ilikuwa kwenye pindo la kanga. Akaikunja, akamsalimia Sila kwa kumpa mkono, na mkono ulipoachana na mkono noti ilikuwa imehama. Huyu ndiye Bi Haki. Mtu akifanya jambo mara ya kwanza unatarajia atatetemeka, lakini yeye alilifanya vizuri, maana alikuwa ameliona likifanywa maisha yake yote. Sila akamwambia kwa sauti ya chini asimame hapo karibu na mlango, atafuata yeye.

Ndipo alipogeuza uso akawaona waliokaa mwanzo kabisa wa benchi. Tereza, tumbo mbele, mimba ya miezi ya mwisho, ameuma pindo la kitenge na jasho linamtiririka. Na kando yake, amemshika mkono, Violeth.

Violeth alikuwa amekwisha kumwona. Akanyanyuka kidogo, akamwamkia kwa adabu. Stara akaitikia marahaba, halafu akajishughulisha na shuka la mumewe, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mlango ukafunguka, mgonjwa akatoka. Tereza akajishika kiuno aanze kunyanyuka, kwani zamu ilikuwa yake. Sila akaweka mkono mbele yake. Akamwambia kuna mtu ana maelekezo maalumu kutoka kwa daktari, asubiri. Kisha akainama, akasema polepole lakini watu wa karibu wakasikia, kwamba kama ana ya soda basi atafuata yeye, na kama hana, siku ni ndefu.

Tereza akaanza kufungua fundo la kitenge kwa vidole vilivyovimba.

Violeth akasimama. Akanyoosha mgongo kama darasani, kidevu juu, akasema kwa sauti yake ile kubwa, "Zamu yangu siuzi, ya mwenzangu siinunui."

Na akasubiri.

Alisubiri kama alivyofundishwa. Akaanza kuwatazama watu usoni mmoja mmoja, toka mwisho wa benchi kuja mwanzo. Mama mmoja akajifanya anamfuta mtoto kamasi. Mzee akautazama mguu wake. Wengine wakatazama ua. Macho ya Violeth yakaja, yakaja, yakamfikia mwalimu wake pale mlangoni, na hapo yakatua. Alikuwa hana wasiwasi tena, masikini. Amempata mtu anayeyajua maneno.

Stara alikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Yalimjaa mdomoni. Lakini mume alikuwa anahema, na noti ilikuwa mfukoni kwa Sila, na kama angefungua kinywa angesema nini, hatununui? Akainamisha kichwa. Akatazama kandambili za Munir, moja ilikuwa imekatika kamba na kufungwa na waya. Aliitazama ile kandambili kama vile ndiyo kwanza anaiona.

Sila akacheka, si kwa ubaya sana. Akamwuliza, "Nani kakufundisha maneno haya, we mtoto?"

Violeth alimtazama tena mwalimu wake. Kisha akasema, "Hakuna."

Sila akawaambia basi waende wakae mwisho wa benchi na hiyo haki yao. Tereza akanyanyuka, amemwegemea mwanawe, wakapita mbele ya watu wote. Benchi likajivuta kujaza nafasi yao. Na Stara akaingia ndani na mumewe.

Munir alichomwa sindano ya mshipa, ile inayosukumwa polepole sana, daktari akiwa amekaa naye. Ilichukua muda. Filimbi za kifuani zikapungua, midomo ikarudi rangi, akamwomba mkewe maji. Walipotoka jua lilikuwa limepanda. Stara alijifunika kanga hadi puani na hakutazama mwisho wa benchi. Alisikia tu mtu anaguna kule, mguno wa chini kama wa mtu anayebeba mzigo, akaharakisha hatua.

Habari zilimfikia kesho yake kwa wauza mboga. Tereza aliangukia pale barazani zamu yake ikiwa bado mbali. Ndipo wakamwingiza mbio, ndipo wakatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka amekwisha kunyamaza.

Violeth hakuja shule kwa siku kadhaa. Aliporudi alikaa kwenye dawati lake, akaandika kila kilichoandikwa ubaoni. Zamu yake ya ngonjera ilipofika alitikisa kichwa. Stara hakumlazimisha. Akampa mwingine nafasi ile, mtoto akasema maneno, darasa likaitikia, na Stara akawaambia inatosha, tutaendelea siku nyingine. Usiku alikuwa anamsikiliza mumewe akivuta pumzi, pumzi safi kabisa, na badala ya kushukuru alikuwa analia. Munir alimwuliza mara moja. Alipoambiwa, akasema na yeye angefanya hivyo hivyo. Akidhani anamfariji.

Kisha Tereza akaja shuleni. Alikuja wakati wa mapumziko, kanga nyeusi kichwani, na fungu la mlenda mkononi kwa kuwa haendi kwa mtu mikono mitupu. Akasimama nje ya darasa hadi Stara alipotoka. "Mbukwa, mwalimu," akamsalimia kwa Kigogo, kisha wakakaa kwenye ngazi. Stara alikuwa amejiandaa kwa matusi, alikuwa anayatamani. Tereza hakuwa nayo.

Alisema hakuja kulaumu. Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Kilichomleta ni mtoto. Mtoto hali chakula. Anaamka usiku anauliza kama ni yeye aliyemuua mdogo wake kwa mdomo wake. Yeye mama amemwambia sivyo, lakini mama si mwalimu.

"Wewe anakuamini," Tereza akasema. "Mwambie wewe."

Tereza akatengeneza kanga yake, akatazama watoto wanaocheza uwanjani. Kisha akaongeza jambo, na alilisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake njia ya mkato ambayo hakuijua. "Lakini mwalimu, mgonjwa anayehema vile, nani angekukatalia? Ungetuambia tu. Tungekupisha."

Hayo ndiyo yaliyomvunja. Kwamba angeweza kuomba. Benchi zima la wanawake wenye watoto wagonjwa lingejivuta upande wa pili na kumpa njia, kama linavyofanya siku zote mgonjwa akizidiwa, na Stara mwenyewe alishawahi kuwapisha watu hivyo. Siku ile wala wazo hilo halikumjia. Alinunua kitu ambacho angepewa bure, na kwa kukinunua akamfundisha Sila kwamba asubuhi ile kulikuwa na bei.

Baada ya kengele akaingia darasani. Benchi la ofisini lilikuwa bado ukutani. Hakukaa mezani kwake, alikaa juu ya lile benchi, mwanzoni kabisa, akawaambia watoto kwamba siku Violeth aliposema maneno yao kule zahanati, yeye mwalimu wao alikuwepo. Kwamba alikuwa amekwisha kutoa noti. Kwamba Violeth hakumdhuru mtu yeyote, alisema kweli, na aliyetakiwa kumwitikia alinyamaza. Aliyesababisha ni mimi, akasema, na aliye mlangoni. Si yeye.

Violeth akanyoosha mkono. Stara akampa ruhusa, na mtoto akasimama.

"Mwalimu, ulinunua zamu ya nani?"

"Yenu," Stara akasema. "Ya mama yako."

Violeth akafikiri kidogo. Akasema, "Asante, mwalimu," kama wanavyosema watoto wakishajibiwa swali, akakaa. Jioni ile alikula, Tereza alileta habari hizo mwenyewe. Lakini ngonjera haikusemwa siku ya wazazi. Watoto waliimba wimbo wa kilimo, mgeni rasmi akapiga makofi.

Violeth alimaliza la saba, hakuchaguliwa. Wakampeleka Mlali kwa mama mkubwa akalime. Aliaga kila mtu.

Na Stara ndipo alipoanza ule wazimu wake, kama majirani walivyouita. Siku ambazo hana kipindi cha asubuhi, akawa anakwenda zahanati, haumwi yeye wala hana mgonjwa, anakaa kwenye benchi. Akimwona mtu kazidiwa anawaambia wenzake tumpishe, nao wanapisha. Sila akinyoosha kiganja, Stara anasema kwa sauti, "Hatuuzi, hatununui," peke yake, mzee mzima. Sila alihamishwa, akaja mwingine, kiganja kilikuwa kile kile. Watu walimzoea. Walimwita Mwalimu wa Benchi, wakamsogelea, wakamcheka kidogo. Kuna waliorudisha noti kwenye pindo wakimwona, na kuna waliosubiri aende msalani. Kumwitikia, kwa sauti, mbele ya watu? Miaka yote ile hakuitikiwa. Munir akafa katikati ya miaka hiyo, kifua kile kile, na baada ya eda akarudi kwenye benchi.

Asubuhi moja, kiangazi tena, akaja msichana mrefu na mtoto mgongoni. Kutoka shamba, miguu ina vumbi la safari. Mtoto kichwa kimelala upande, anahema harakaharaka. Stara alikuwa ameshafungua mdomo awaambie watu wampishe, lakini msichana alipita moja kwa moja hadi mlangoni, hakutazama benchi hata mara moja, akaanza kupapasa pindo la kanga yake.

Hapo akamtambua. Ule mgongo ulionyooka.

Stara akasimama. Akasema, taratibu, si kwa mhudumu bali kwake, "Violeth. Hatuuzi, hatununui. Mwambie, mwanangu. Mimi nitaitikia. Nipo hapa nitaitikia."

Violeth akageuka. Alimtambua papo hapo, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata chembe. "Shikamoo, mwalimu," akasema. "Nina mtoto mgonjwa."

Vidole vyake vilikuwa kwenye fundo, na fundo lilikuwa gumu, na mtoto alikuwa anateleza mgongoni. Mhudumu alikuwa anatazama pembeni. Benchi lote lilikuwa linatazama ua. Stara alingoja kidogo, labda litasogea, halafu akanyoosha mikono, akampokea yule mtoto anayechemka kwa homa, ili mama yake apate kufungua vizuri.